Malalamiko kuhusu kuvurugwa kwa albamu yetu ya pili

Shangani,
Mtwara.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Usambazaji wa Muziki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: ALBAMU KUPANGWA KIALFABETI NA NYIMBO KUKATWA MIISHO

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mpiga gitaa la solo wa bendi ya roki ya hapa Mtwara, na ndiye niliyesaini mkataba wenu kwa niaba ya wenzangu. Tuliwakabidhi albamu yetu ya pili ili muipandishe kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki. Ilipotoka tukakuta imepangwa kwa kufuata alfabeti. “Alfajiri”, wimbo tulioutunga kuwa wa mwisho, sasa ndio unaofungua. “Umande”, unaopaswa kufungua, umetupwa mkiani. Mafaili tuliyowatumia yalikuwa na namba za mpangilio mwanzoni mwa majina, na orodha ilikuwa ndani ya fomu yenu wenyewe.

Albamu ya kwanza ilikuwa nyimbo tu, kila mmoja na lake, na mngeichanganya mnavyotaka tusingelalamika. Hii ya pili ni kitu kingine. Nusu ya kwanza ni Kusi, nusu ya pili ni Kaskazi, zile pepo mbili za msimu, na katikati kuna “Tanga Mbili”, kipande kisicho na maneno, ambapo besi inabaki peke yake huku dramu zikitafuta mdundo, kama vile upepo unavyohangaika kabla ya kugeuka. Mvuvi yeyote wa Mikindani atakwambia kwamba Kaskazi haiji juu ya Kusi bila kipindi hicho. Kwenu “Tanga Mbili” imekuwa ya pili kutoka mwisho, haigeuzi chochote.

Tena nyimbo hizo zimeungana. Mlio wa gitaa unaomaliza mmoja ndio unaoanzisha unaofuata. Mfumo wenu umeukata mlio huo ukaweka kimya katikati, kwa hiyo msikilizaji anadhani bando limekwisha.

Kijana wenu aliyepokea simu alinijibu kwa upole, namshukuru, lakini alisema siku hizi hakuna anayesikiliza albamu nzima, na kwamba roki si muziki wa kwetu. La kwanza ni maoni yake. La pili nilimjibu kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa roki, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na kwamba albamu ya pili ya bendi yake, Queen, ya mwaka 1974, nayo iligawanywa pande mbili, upande mweupe na upande mweusi. Hatujilinganishi nao. Ila mpangilio wa nyimbo ni sehemu ya kazi, si pambo.

Kuna pia suala la aina ya muziki. Tulijaza “roki”, ninyi mkaandika Bongo Fleva. Bongo Fleva tunaisikiliza na tunaipenda, lakini mpenzi wake akikutana na gitaa letu linalokwaruza atadhani spika za masikioni zimeharibika, na mpenzi wa roki hatatupata kabisa.

Suluhisho mlilotoa ni kwamba tufute albamu, tulipie upya, tupakie upya. Hapo ndipo tunapokataa. Kila wimbo uliorekodiwa una namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, na hesabu ya wasikilizaji hufuata namba hiyo. Mkitupa namba mpya, hesabu inaanza sifuri. Na tulichagua kuitoa albamu msimu huu kwa makusudi: minada ya korosho imeanza, malipo yanaingia, harusi zinafuatana kuanzia hapa mpaka Newala na Lindi, na watu ndipo wanapoweza kununua tiketi ya tamasha. Masika yakifika, hata bendi ya taarabu inahangaika, sembuse sisi.

Tunachotaka ni mpangilio wetu urudi, miisho ya nyimbo irudishwe kama ilivyo kwenye mafaili ya WAV tuliyowapa, aina ya muziki isahihishwe, na yote yafanyike kwa namba zilezile za ISRC bila malipo mapya. Kazi hiyo ikabidhiwe mtu atakayeisikiliza albamu mwanzo hadi mwisho kabla ya kubonyeza chochote. Gharama ya matangazo ya redio tuliyolazimika kuyasitisha tutaijadili baadaye, kwa maandishi.

Tusipopata majibu ndani ya siku 14 tutapeleka suala hili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa.

Nimeambatanisha orodha sahihi ya nyimbo, nakala ya mkataba na risiti ya ada.

Wako katika kazi,

Mpiga gitaa na katibu wa bendi