Kabla ya skana, fungua maboksi

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Umeniuliza ununue skana gani ya filamu. Usianze na bei. Fungua maboksi uone umehifadhi nini. Kama ni filamu za milimita 35 pekee, pamoja na slaidi za fremu ya sentimita 5 kwa 5, chukua skana maalumu ya filamu, mfano Plustek OpticFilm 8100. Ukikuta roli za 120, zile pana za sentimita 6, humo haziingii. Hapo tafuta skana bapa yenye taa kwenye kifuniko. Ile ya nyaraka, isiyo na taa ya juu, achana nayo.

Namba ya nukta kwa inchi, yaani wingi wa nukta ambazo skana inadai kusoma, iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kuuzia. Skana bapa ya Epson V600 imeandikwa 6400, ila undani unaoupata haufiki nusu ya hapo. Ukipandisha zaidi, kinachokua ni faili tu. Fremu ya milimita 24 kwa 36 kwa nukta 4000 za kweli ni pikseli kama milioni 21, na faili yake ya picha isiyobanwa, TIFF, ya biti 16 kwa kila rangi hula megabaiti 128 hivi. Hesabu diski mapema.

Wengi hunaswa na usafishaji wa infraredi, yaani skana kutafuta vumbi kwa mwanga usioonekana kwa macho. Wino wa filamu ya rangi huupitisha mwanga huo, vumbi na mikwaruzo huuzuia, kwa hiyo programu hujua pa kuziba. Lakini picha ya nyeusi na nyeupe ya kawaida imejengwa kwa madini ya fedha, nayo madini hayo huuzuia vilevile. Programu huona uchafu mtupu na kuanza kuitafuna picha. Uzime. Ilford XP2, filamu ya nyeusi na nyeupe inayosafishwa kwa C-41, yaani dawa za filamu za rangi, haina taabu hiyo kwa kuwa picha yake ni ya wino. Kodachrome, filamu ya zamani ya slaidi za rangi ya Kodak, ni kigeugeu: nyingine hutoka safi, nyingine huharibika kwenye kingo za sehemu nyeusi.

Vumbi lipulize kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo, maana mate huacha madoa. Filamu iliyojikunja ikigusa kioo huleta miviringo ya rangi kama mafuta juu ya maji. Ilaze siku kadhaa chini ya vitabu vizito, ikiwa ndani ya mfuko wake, kisha itumie na kishikio kinachoiinua.

Ukienda dukani, beba slaidi moja yenye kivuli kizito uijaribu. Skana dhaifu hugeuza kivuli hicho kuwa tope lenye chengachenga.

Niandikie slaidi ni ngapi. Zikifika maelfu, kuziingiza moja moja kutakuchosha, na kamera yenye lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, juu ya meza ya mwanga itakufaa zaidi.

Wako,
Rafiki yako