Kioo cha mbele kikivuja, tusikimbilie silikoni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na mafundi wenzetu, na madereva wa njia ya Tukuyu ambako mvua haina adabu. Karpeti la mguuni likilowa, fundi hushika bomba la silikoni, akapaka ukingo wa kioo kwa nje, akalipwa. Wiki ya pili maji yamerudi.

Silikoni inayonuka siki ina asidi. Ikigusa bati lililokwaruzika, kutu huanza. Tena gundi halisi ya vioo haishiki juu yake, kwa hiyo atakayebandika kioo upya ana kazi ya kuikwangua yote.

Litafutwe tundu kwanza. Mara nyingi kioo hakina kosa: majani yameziba mifereji chini ya waipa, maji yakajaa na kuingilia njia ya feni. Toa majani hayo, mwaga lita moja ya maji, tazama kama yanatoka chini. Yakitoka, funga milango na vioo, washa feni mpaka mwisho ikivuta hewa ya nje, kisha pakaza maji ya sabuni kuzunguka kioo. Povu litafurika penye upenyo. Usidanganywe na mahali panapodondoka kwa ndani. Maji huingilia kona ya juu, yakateremka ndani ya nguzo ya pembeni mwa kioo, ukayakuta kwenye boksi la fyuzi.

Penye kutu hapana njia ya mkato, kioo kitoke. Gundi ya zamani iliyoshika vizuri usiing'oe hadi bati. Ikate ibaki milimita 1 hadi 2, ndiyo msingi bora. Kutu isuguliwe yote, bati lililo wazi lipakwe praima, yaani rangi ya msingi ya kuandalia gundi, na likauke. Ncha ya bomba ikatwe umbo la V ili gundi isimame pembetatu, kama milimita 12, mstari mmoja usiokatika. Kioo kiwekwe mara moja, maana gundi ikishaota ngozi haishiki.

Gundi hii hukaushwa na unyevu wa hewa, ila baridi huichelewesha. Kwa hiyo Juni na Julai hapa Mbeya, saa za kusubiri zilizoandikwa kwenye bomba ziongezwe. Acha kioo cha mlango wazi kidogo: mlango ukibamizwa gari likiwa limefungwa kote, hewa husukuma kioo kibichi nje, na upenyo mpya umeshazaliwa.

Mafundi vioo,
Uyole, Mbeya