Salamu za Idi kwa Tuliosoma Mwambao, Bagamoyo

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kaka na dada zangu tuliosoma Shule ya Msingi Mwambao, walimu wetu mlio hai, wazee wetu wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na nyinyi mliotawanyika Dar es Salaam, Tanga, Unguja na ng'ambo, nawapa mkono wa Idi. Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu ametujaalia kuufunga mwezi mtukufu na kuukamilisha tukiwa na uhai. Tunamwomba azitakabali swaumu zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, awarehemu waliotutangulia mbele ya haki, na awape shifaa wagonjwa ambao hawakujaaliwa kufunga pamoja nasi.

Mwezi huu ulikuwa mzito kwa nyumba nyingi. Sukari, mchele na mafuta ya kula vilipanda bei kabla hata mwezi haujaandama, na futari ya mihogo na magimbi, ambayo zamani haikumshinda mtu, sasa inanunuliwa kwa kuhesabu vipande. Nguo za sikukuu za watoto zimekuwa mtihani kwa wazazi wengi, na najua wapo waliofua na kupiga pasi za mwaka jana wakamshukuru Mola. Sisi tulioingia darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970 tunazikumbuka Idi za baada ya vita vya Kagera, wakati sukari ilipopatikana kwa foleni, tukala ugali wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, na kuswali Idi na katambuga za matairi miguuni. Tofauti niionayo ni kwamba uhaba ule ulitukuta sote kwa pamoja. Leo bidhaa zimejaa madukani na kinachokosekana ni fedha mikononi mwa baadhi yetu, na hapo ndipo jirani anapoweza kulala na njaa bila jirani mwenzake kujua.

Katika hali hiyo nimeona salamu zangu za mwaka huu zielekee kwenye shule yetu, kwa sababu historia yake inatuhusu sana msimu huu wa kutoa. Tulisoma katika jengo lililotolewa. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismaili aliyezaliwa Unguja na kufanya makao yake Bagamoyo, alilijenga katika miaka ya 1890 na kulikabidhi kwa serikali ya Wajerumani liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Mtu huyo huyo ndiye aliyetoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam iliyoitwa kwa jina lake, na hadi leo ukienda Muhimbili kumjulia hali mgonjwa utaelekezwa jengo la Sewahaji. Alifariki mwaka 1897, na hakupata muda mrefu wa kuona matunda ya alichokipanda Bagamoyo.

Sitaki tumsifu kupita kiasi. Mali yake ilitokana na biashara ya misafara: vitambaa, shanga, nyaya na wapagazi waliotembea kwa miezi mingi kwenda bara na kurudi na pembe za ndovu mabegani. Wengi wa wapagazi hao hawana jina wala jengo, na ni haki kuwaombea dua nao pia. Lakini alipopata alirudisha sehemu mahali alipochumia, na akaweka sharti ambalo watawala wenyewe hawakuwa nalo moyoni. Miongo mingi baadaye, chini ya Waingereza, watoto wa Tanganyika walikuwa bado wanagawanywa: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika, kila mmoja na fungu lake la fedha, na la Mwafrika likiwa dogo kuliko yote. Ilibidi nchi ipate uhuru ndipo ubaguzi huo ulipoondolewa kisheria, kuanzia Januari 1962. Fikra iliyofika Bagamoyo kabla ya karne ya ishirini ilisubiri muda wote huo kuwa sheria ya nchi.

Mji wenyewe ulipitiwa na mengi. Makao makuu ya Wajerumani yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891, kisha reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na misafara iliyoupa mji uhai ikafifia. Boma, ngome na Karavanserai, kituo cha kupumzikia misafara, vimebaki kuwa majengo ya kutembelewa na wageni, na tunafurahi wanapokuja. Lakini ndani ya mji huo huo wa mawe shule iliendelea kupokea watoto wa wavuvi, wa wakwezi, wa wauza duka na wa makarani. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoagiza kwamba kila mtoto wa Tanzania awe amepata nafasi ya shule ifikapo Novemba 1977, tukamiminika na vidumu vya maji na mafagio mikononi, tukijua mchakamchaka wa alfajiri kabla hatujajua kuandika. Asubuhi tulikuwa shuleni, alasiri chuoni kusoma Kurani, na hatukuona mgongano wowote kati ya ubao wa mwalimu na juzuu ya maalimu.

Na hapa naomba radhi kwa kuingiza jambo langu binafsi. Mwezi wa Shaaban tulimpoteza mwalimu wetu wa darasa la tatu. Wengi mtamjua bila kumtaja jina, maana familia yake ingali katika msiba. Alikuja Bagamoyo akiwa binti mdogo kutoka Ruvuma, Mkristo miongoni mwa watoto karibu wote Waislamu, na hakuna mwezi wa Ramadhani ambao mimi nilimwona akinywa maji mbele yetu. Hesabu alizifundisha mapema, vichwa vyetu vikiwa bado vyepesi, ili ikifika saa sita, njaa inapotukaza, tubaki na imla na hadithi. Wadogo waliokuwa wanajifunza kufunga aliwaruhusu walale sakafuni penye ubaridi, naye akikaa karibu yao akisahihisha madaftari. Idi ilipofika tulikwenda kumwamkia kama tulivyokwenda kwa shangazi zetu, na kwa kila mtoto alikuwa ameandaa sumni, senti hamsini, iliyofungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari chenye jina la mtoto huyo kwa wino mwekundu. Mimi mtoto wa mvuvi, wa mwisho katika nyumba ya watoto wengi, sikuwahi kabla ya siku ile kupewa kitu chenye jina langu mwenyewe. Sumni niliinunulia kashata siku hiyo hiyo. Karatasi niliihifadhi ndani ya msahafu wa baba hadi nilipomaliza darasa la saba.

Amezikwa kwao Songea. Nauli ilitushinda wengi. Tulichanga kadiri ya uwezo na kuwatuma wenzetu wachache watuwakilishe, na nawashukuru wote waliochanga wakati wao wenyewe hawakuwa na ziada. Mungu amlaze mahali pema. Sharti aliloliweka Sewa Haji lilihusu nani aingie mlangoni. Mwalimu wetu alituonyesha namna ya kuishi tukishaingia.

Ndugu zangu, mmekwisha kutoa zakatul fitri, na Mwenyezi Mungu aipokee. Lakini mtoto aliyekula pilau siku ya Idi atarudi darasani wiki ijayo, na huko atahitaji daftari, sare, viatu na chakula cha mchana. Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 2001, na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukatangaza elimu bila malipo, na ni neema kubwa ambayo kizazi chetu lazima kiitambue. Neema hiyo haikumwondolea mzazi wajibu wake. Mzazi anayemtoa mtoto darasani ili akabebe ndoo za samaki sokoni anakula leo akiba ya miaka ishirini ijayo. Na mzazi anayemwambia binti yake kwamba darasa la saba limetosha, amelifunga tena lango ambalo lilifunguliwa kwa taabu. Nawasihi vijana wa kiume wenye bodaboda mwafikishe watoto wetu wa kike shuleni kama dada zenu wa damu, na msithubutu kuigeuza lifti kuwa mtego. Nawasihi nasi tuliojaaliwa kipato, kila mmoja achukue mtoto mmoja wa mtaani kwake amsitiri kwa mahitaji ya shule, kimyakimya, bila picha na bila kutajwa. Tumefundishwa kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Ni wapi pengine unapoweza kuzipata zote tatu kwa pamoja kama shuleni?

Jambo la mwisho linahusu kumbukumbu. Wazee waliosoma pale kabla ya 1961 wamebaki wachache, na kila msiba unaondoka na sehemu ya habari zetu. Mnapokwenda kuwaamkia sikukuu hii, kaeni nao baada ya kahawa, waulizeni walikaa darasa lipi, nani aliwafundisha, walisoma vitabu gani, na mwandike majibu yao. Mwenye picha ya zamani aitoe sandukuni na kuandika nyuma yake majina ya waliomo. Siku ya Idi Pili, baada ya swala ya Alasiri, walioko Bagamoyo tukutane kumsomea dua marehemu maalimu wetu wa chuoni na kumkumbuka mwalimu wetu wa Songea, na tupange nani atabeba mzigo wa mtoto yupi kabla shule hazijafunguliwa.

Nawatakieni nyote Idi njema yenye furaha, amani na usalama. Mwenyezi Mungu aibariki nchi yetu, ateremshe mvua zenye kheri, atupunguzie ugumu wa maisha, awaongoze watoto wetu na atujaalie kuifikia Ramadhani nyingine tukiwa na afya na imani.

Taqabbal Allahu minna wa minkum. Idi Mubarak.