Shemeji, mtoto hajawa mjinga

Shemeji,

Nimesubiri hasira zako zipoe ndipo nikuandikie, na nimeiweka barua hadharani kwa sababu hauko peke yako. Likizo hii ya mwezi wa sita kuna akina baba wengi wameshika ripoti ya kidato cha kwanza, wanamtazama mtoto kana kwamba kaletwa na jirani. Darasa la saba kijana wako alipata A ya hisabati. Sasa ripoti ina F mbili, nawe umeshapitisha hukumu: sekondari imemshinda, aende gereji, na kabla hajaenda, humo nyumbani ni Kiingereza tu.

Nilikuwepo usiku wa kwanza wa hiyo amri. Chakula kililiwa kimya mpaka bibi akauliza nani kafiwa.

Kesho yake nilikaa na mpwa wangu mkekani, tukaifungua karatasi yake ya mtihani. Swali: "Find the product of 12 and 8." Kajibu 20. Nikamwambia, zidisha 12 kwa 8. Sijafunga mdomo: "96, mjomba." Neno "product" halijui. Kaona namba mbili, kajumlisha, akasonga mbele. Swali jingine lilitaka "volume" ya tangi la maji. Hilo neno analifahamu vizuri sana, lipo kwenye rimoti ya televisheni yenu! Akabaki anajiuliza tangi lina sauti gani. Nilipomtajia ujazo, akachukua kalamu: urefu mara upana mara kimo, akamaliza.

Tukaja kwenye biolojia. Daftari lina mwandiko wa kupendeza, limejaa. Nikamuuliza alichoandika, akanighania aya nzima bila kuvuta pumzi, ila sentensi hata moja hakuweza kuniambia imesema nini. Haya, nikasema, usanisinuru ni nini? Hapo akafunguka: mwanga wa jua, maji, hewa ya ukaa, mpaka kwa nini ule mchicha wa uani uliofunikwa na turubai uligeuka njano. Somo analo kichwani. Mtihani ndio haumsikii.

Kuna kisa kingine hakukuambia, kwa kuogopa. Mwalimu alimuuliza, "Haven't you finished?" Akajibu "Yes." Sisi mtu akituuliza "Hujamaliza?" tunajibu "Ndiyo, sijamaliza," na tumesema kweli. Kwa Kiingereza hiyo "yes" ina maana amemaliza. Daftari likafunguliwa, nusu ukurasa. Akachapwa viboko kwa kosa la uongo, na hadi tulipokaa mkekani alikuwa hajui aliongopa wapi. Na kwenye insha ya mama yake aliandika "he" mwanzo hadi mwisho. Yeye kwetu ni yeye, awe mama, awe baba. Darasa zima lilicheka. Tangu Machi hajanyoosha mkono.

Fikiria, shemeji: miaka saba kasoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi. Januari anavaa sare mpya, anapewa wiki chache za kuvushwa kwenda Kiingereza, halafu jiografia, fizikia, historia, vyote vinamgeukia kuwa Kiingereza. Mambo haya si ya leo. Hapa Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi mwaka 1967, sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Makweta ya 1982, tume ya rais kuhusu elimu, ilipendekeza Kiswahili kipandishwe hadi sekondari, halikutekelezwa. Sera ya elimu ya 2014 ikazitaja lugha zote mbili, na mtihani wa kidato cha nne bado ni Kiingereza. Hayo mimi na wewe hatuwezi kuyatatua sebuleni kwako.

Tunaloweza ni dogo. Amri yako iondoe. Mtoto akirudi shule, muulize leo wamefundishwa nini, akueleze kwa Kiswahili kama anavyomweleza rafiki yake. Akishindwa hapo, hajaelewa somo. Akiweza, kilichobaki ni maneno, na maneno hutafutwa. Tuanze na yale ya kuulizia maswali, maana ndiyo yanayomwangusha kabla hajaanza: "account for", yaani eleza sababu, alidhani ni mambo ya benki. Nami simcheki. Kidato cha kwanza nilimeza kurasa za historia bila kujua nani alimshinda nani, nikapata C, nyumbani wakachinja kuku.

Jumamosi nakuja na kamusi. Nimekubaliana naye kila swali alilokosa atalifanya upya, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, nawe ukae hapo usikilize. Ukiona hesabu inamshinda kwa lugha zote mbili, hiyo habari ya gereji tutaizungumza.

Wako,
Mjomba wake