Maboga sakafuni

Worcester, Massachusetts
29 Oktoba

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Sisi hatujambo, baba watoto analalamikia magoti kama kawaida yake. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa sakafuni jikoni, maboga yamenizunguka pande zote. Ndiyo habari niliyo nayo.

Nilikwambia mwaka huu tumenunua hisa shambani. Unamlipa mkulima mwezi Machi, theluji bado haijayeyuka, naye anapata hela ya mbegu. Kuanzia Juni, kila Alhamisi unakwenda kuchukua kisanduku chako. Huku Marekani mtindo huu ulianzia kwenye mashamba mawili mwaka 1986, moja hapa hapa Massachusetts, jingine New Hampshire. Ila huchagui, shoga. Shamba likitoa, unakula. Sasa msimu unakwisha, na kisanduku kimejaa vitu vigumu vigumu: maboga, kabichi, bitiruti, tanipu, karoti zilizopinda, na nyanya za kijani kabisa, zilizochumwa mbio mbio kabla sakitu, ule umande unaoganda usiku, haijaziua.

Nilianza kwa kuharibu. Nilitia bitiruti kwenye mchuzi wa samaki wa nazi. Weee! Mchuzi ukawa rangi ya kucha za bibi harusi. Baba watoto akautazama, akauliza kama ni chakula au dawa. Tukaula hivyo hivyo, maana tui la kopo si la kumwaga.

Boga halikunisumbua. Hili lao lina umbo la kibuyu na ganda la rangi ya chai ya maziwa. Ni tamu tayari, halitoi maji mengi, kwa hiyo naanza na tui jepesi, zito mwishoni, iliki na chumvi kidogo. Sukari siigusi. Watoto wanalila kama vile ni Ramadhani. Mbegu nazikaanga kavu.

Kilichoniuma ni majani. Mwezi Septemba nilimkuta mkulima anang'oa mashina ya maboga na kuyatupa kwenye lundo la mboji, majani yake mabichi! Nikamwambia, kwetu hiyo ndiyo mboga yenyewe. Alicheka, akaniruhusu nichume nitakavyo. Nikachuma yale machanga ya nchani, nikayamenya nyuzi, nikayaunga na karanga, na Alhamisi iliyofuata nikampelekea bakuli. Tangu hapo ananiwekea pembeni na majani ya bitiruti na ya tanipu, ambayo wenzangu wanaomba yakatwe wasibebe mzigo. Mimi naona wanaacha nusu ya mali yao pale, lakini sisemi kitu, nisije nikagawana nao.

Majani ya maboga sasa yameshaungua kwa sakitu, yamekuwa meusi tii. Sukuma wiki ndiyo inayonishangaza: baridi ikiipiga, inakuwa tamu zaidi. Mkulima anasema mmea unageuza wanga wake kuwa sukari ili usigande. Ile iliyokomaa, ngumu kama turubai, naitwanga kama kisamvu na kuichemsha muda mrefu na nazi. Si kisamvu, usinicheke, lakini ukifumba macho unakaribia Tanga.

Zimebaki hizo nyanya. Nusu nimezifunga kwenye magazeti pamoja na ndizi mbivu, zinaiva moja moja. Nyingine ni chachu na zimekaza kama embe bichi, na ndipo nilipomkumbuka mama yako. Nimeshazikata na kuzitia chumvi. Hebu muulize: kwenye ile achari yake ya embe, siki inatangulia kabla ya kuanika, au inakuja baadaye? Na umwambie huku jua hakuna, nataka kuzianika juu ya hita. Akishamaliza kucheka, uniandikie alichosema.

Wako,
jirani yako wa Chumbageni