Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maktaba ya chuo chetu

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUSOMA MAJARIDA TUKIWA NJE YA KAMPASI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Sumbawanga na mwanafunzi wa shahada ya uzamili chuoni kwako, na naandika hadharani kwa sababu barua pepe zangu zote zimejibiwa kwamba suala linashughulikiwa.

Jumatatu mmetangaza rasilimali mpya: kanzidata (hazina za mtandaoni za makala za utafiti) zilizoongezwa, vitabu vya kielektroniki, na mafunzo ya kuzitumia yatakayofanyika katika ukumbi wa maktaba. Nilifurahi kwa dhati, kwa kuwa sura ya pili ya tasnifu yangu imekwama kwa kukosa tafiti za karibuni. Usiku huohuo nilinunua bando, nikafungua kiungo mlichokiweka, na makala niliyoihitaji ikanidai zaidi ya dola 30 za Marekani. Ada yetu ina kipengele cha huduma za maktaba. Kwa nini nilipie tena kilichokwisha kulipiwa?

Naelewa kwamba wachapishaji wengi huitambua taasisi kwa anwani ya IP, yaani namba inayoutambulisha mtandao wake, hivyo aliye kampasi hufunguliwa na aliye nje huonekana mpita njia. Lakini wakutubi wanaijua dawa yake, nayo ni seva ya wakala, ambamo mwanafunzi huingia kwa namba ya usajili na nywila yake, kisha mchapishaji humwona kama yupo chuoni. Aidha Research4Life, mpango wa kuzifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya utafiti, ulioanza na Hinari, mpango wa machapisho ya afya wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2002, huipa taasisi iliyosajiliwa jina la mtumiaji na nywila, na Tanzania imo katika kundi la nchi zisizotozwa chochote. Kama chuo kimesajiliwa, nywila hiyo anayo nani? Nahisi mnaogopa isisambae hovyo, au leseni ya seva haijalipiwa. Kama ndivyo, tuambieni.

Wiki ya kupokewa wanafunzi wapya tuliahidiwa, nawe ukiwa meza kuu, kwamba tutasoma popote tulipo. Kwa ahadi hiyo wengi tulijiunga huku tukiendelea na kazi. Kutoka huku hadi chuoni ni safari ya basi ya kutwa nzima, na juu yake kuna nauli, malazi, na ruhusa ya mkuu wa shule ambaye tayari ana vipindi visivyo na mwalimu. Msimamizi wangu amenirudishia rasimu akisema marejeo yangu yamepitwa na wakati. Mwezi ujao ndio ukomo wa kuwasilisha, na anayechelewa hutozwa ada nyingine.

Siombi kanzidata mpya, Ndugu Mkurugenzi, wala semina. Naomba hizi mlizonazo zifunguke kwa mwanafunzi aliye Sumbawanga kama zinavyofunguka kwa aliye ghorofa ya kwanza ya maktaba, na zifunguke kabla ya mwezi ujao.

Wako,
Mwanafunzi wa uzamili,
Sumbawanga