Rehema, hiyo dedlaini yako nimesoma ilikotoka

Shoga yangu Rehema,

Salamu zipo, huku tu wazima, mama anakusalimia, mvua zimeanza na mahindi ya kule bondeni yameota yote. Za kwako sijui maana hii wiki ya tatu kila nikipiga unakata afu inaingia meseji "nina dedlaini ntakupigia", na hupigi. Nimeona niandike kabisa, utasoma hata ukiwa kwenye daladala.

Kilichonisukuma ni mtoto mmoja wa kidato cha tatu. Nimewaambia dedlaini ya kazi ni Ijumaa saa nane, akanyoosha mkono, madam, hiyo "dedi" ya mbele ndo ile ya kufa? Darasa likacheka, mi nikamwambia ntakujibu kesho. Usiku nikaweka bando nikaanza kusoma, na muda wote we ndo ulikuwa kichwani.

Kumbe ni ya kufa kweli. Na ulikuwa mstari kweli, wa pale chini kwenye ardhi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, watu wa majimbo ya Kusini walikuwa na kambi ya mateka huko Georgia, Andersonville, wakaifungua Februari 1864. Ukuta wa magogo marefu, mabanda hamna, watu wanachimba mashimo au wanatundika mablanketi wapate kivuli. Sasa ndani ya ukuta, kama mita sita hivi, wakazungusha kauzio kembamba, vijiti vya nguzo na fito juu yake, mtoto anakaruka. Hako ndo kakaitwa dedlaini. Ukikavuka, askari aliyeko kwenye kibanda juu ya ukuta anakupiga risasi.

Kilichoniuma zaidi ni maji. Kijito kilikuwa kimoja, humohumo wanywe, humohumo waoge, vyoo navyo bondeni hapohapo, na maji yenye afadhali ni pale yanapoingilia kambini, karibu na huo mstari. Basi mtu anapitisha mkono chini ya fito achote, anapigwa risasi. Kwa maji, Rehema! Kambi ilipangwa ya watu 10,000, kufika Agosti wako zaidi ya 30,000, na mpaka inafungwa karibu 13,000 walishakufa, wengi kwa kuhara na kiseyeye. Mkuu wa kambi, Henry Wirz, alishtakiwa na huo mstari ukatajwa kwenye kesi, akanyongwa Novemba 1865.

Afu neno inasemekana likahama. Wachapaji wakawa nalo, mstari kwenye mashine ambao herufi zikiupita hazichapiki. Kufika miaka ya 1920 watu wa magazeti Marekani wanaliita hivyo lile saa ambalo habari ikilipita haingii tena gazetini. Kutoka hapo likasambaa kwa kila mtu, tenda, ada, ripoti, mpaka kwenye hizo meseji zako.

Nikamsimulia Ustadhi pale stafurumu, akanyamaza kidogo afu akasema mbona na sisi tunalo. Kiarabu "ajal" ni muda uliopangwa, hata muda wa kulipa deni, na ndo huohuo muda wa mtu kufa. Likaja kwetu likawa ajali, wazee walikuwa wakisema ajali yake imefika, leo ni ya magari na bodaboda. Yaani wale walianza na kifo wakafika kwenye ratiba, sie tumetoka kwenye ratiba tukafika kwenye kifo. Tangu siku ile ukiniandikia una dedlaini mi nasikia nina ajali, usingizi unakata.

Maana uliniambia mwenyewe umelala ofisini mara mbili wiki ile. Na kile kizunguzungu. Hiyo ofisi wanawapangia Ijumaa iwe mwisho wa kazi ya mwezi mzima, afu we unakimbia kama kuna mtu yuko juu kibandani na bunduki. Hayupo shoga, nimewaza sana hili, hayupo. Ukichelewa watakununia, watakuandikia barua, basi.

Yule mtoto nilimjibu, darasa zima kimya. Ubaoni nikaandika "mwisho wa kupokea kazi".

Sasa nijibu. Presha ulienda kupima au bado? Unakula saa ngapi? Hiyo ripoti ikichelewa siku mbili nani anaumia hasa? Bosi ulishamwambia kuhusu kizunguzungu au unameza tu? Bi Mwanahawa ulimpigia? Arobaini ilipita anakuulizia, na Zuhura naye ananiuliza mimi kama mmegombana. Jumamosi nina nafasi, nikipanda basi la asubuhi ntakukuta nyumbani au ndo utakuwa hukohuko? Nije na mahindi mabichi au bado unapenda muhogo?

Jibu hata kwa voisi.

Wako,
Mwanaidi